Kufuli Lenye Jina la Theodory

Maisaka, Babati
6 Mei 2024

Kaka Theodory,

Habari za Dongobesh, na mama hajambo? Nimekupigia simu wiki nzima haipatikani, na anwani yako ya barua pepe ilikuwa ya ofisi, imeshafungwa. Jana nikamkuta dada yako Consolata sokoni anauza vitunguu saumu. Akaniambia hupokei simu ya mtu yeyote siku hizi, ila karatasi ikikufikia huwezi kukataa kuisoma. Ndiyo maana naandika kwa mkono, na mwandiko wangu unaujua, nisamehe.

Tangu uondoke Februari nimekalia meza yako. Nilijifunza kwako mwaka mmoja tu, kwa hiyo nikikosea mahali utanisahihisha. Tatizo lenyewe ni hili. Ile nakala pacha ya msimbo tuliyo nayo hapa Babati, ambayo vishikwambi vya zahanati zote vinachukua programu ya dawa kutoka humo, imeacha kufuatana na hazina kuu ya msimbo huo iliyoko Dodoma. Huko Dodoma wamesharekebisha mambo mengi, hapa kwetu hakuna kilichoingia tangu Machi. Nilipochunguza nikakuta mafaili ya kufuli yamezagaa kwenye makabrasha. Wewe ndiye uliyenifundisha: mtu akianza kuandika, mfumo unaweka kufuli ili mwingine asiingie katikati, akimaliza linaondoka lenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kufuli linabaki bila mwenyewe, na kila anayekuja nyuma anasimama mlangoni akidhani ndani kuna mtu.

Nikayafuta. Yakarudi. Nikafuta tena, nikaanza kuvuta mabadiliko kwa mkono, na kabla mzigo haujamaliza kuingia kufuli lilikuwa limesharudi na kazi yote ikakatika. Ni kama kuna mtu ananichungulia.

Nilipofungua moja nisome limewekwa na nani, nikakuta jina la kompyuta yako.

Naomba uniambie: je, kompyuta yako bado inaingia kwenye seva yetu?

Msalimie mama.

Evelyne

*

Dongobesh
12 Mei 2024

Evelyne,

Barua nimeipata. Salamu zimefika, mama mzima.

Unauliza kama kompyuta yangu bado inaingia kwenye seva yenu. Kompyuta yangu iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na sijaigusa tangu nilipofika. Hapa nalima. Asubuhi niko shambani, jioni niko zizini, na mkono wangu umeota sugu mpya mahali ambapo hapakuwa na sugu.

Jina langu limo kwenye hayo makufuli kwa sababu kwa miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa nafunga na kufungua. Kama mlango wa stoo ungekuwa unaandika majina, ungekuta langu pia.

Nilidhani nikiondoka hapo nimeondoka. Msimamizi wetu, Mzee Hatibu, nilimwambia mbele ya wageni wa wafadhili kwamba programu ya kupimia dawa za watoto haijawa tayari, kwamba wauguzi waijaribu kwanza. Akaniambia nimemwaibisha. Nikachukua vitu vyangu nikatoka. Hayo yaliisha. Sasa naona mnanitafuta kwa mlango wa nyuma, na aliyetumwa ni wewe.

Usiniandikie tena kwa habari hizi.

Theodory

*

Maisaka, Babati
15 Mei 2024

Kaka Theodory,

Nitaandika, na usiposoma nitampa dada Consolata akusomee kwa sauti.

Sikutumwa. Ila nilikuficha jambo, na naona kuficha kwangu ndiko kulikofanya swali langu likufikie kama swali la askari. Mzee Hatibu aliliona jina lako kwenye kile kioo cha kompyuta siku moja na mimi. Alisema palepale, Mosi dereva akiwepo na wauguzi wawili waliokuja kuchaji vishikwambi vyao, kwamba umeondoka na ufunguo na sasa unaiharibu kazi ya zahanati ukiwa kwenu. Anataka niandike maelezo kama shahidi, ayapeleke polisi. Nimemwambia siandiki mpaka nijue makufuli yanatoka wapi. Sikutaka uyasikie hayo kabla sijawa na la kukupa badala yake. Basi, umeyasikia.

Sasa sikiliza kwa nini siwezi kuacha. Mwishoni mwa Aprili mama mmoja alimleta mwanawe zahanati ya Bonga akiwa na homa. Muuguzi Jenipher akampima uzito, akaingiza kwenye kishikwambi, kikamtajia dozi. Jenipher akaitazama ile namba, akamtazama mtoto, akasema hii ni dozi ya mtoto anayetembea, huyu hata kukaa hajakaa. Akafungua mwongozo wake wa karatasi akakuta ni kweli. Programu ilikuwa inamhesabu mtoto mwepesi kama mzito. Ni palepale ulipokuwa unapasema. Dodoma walirekebisha siku chache baadaye, na marekebisho hayo yako kule, yamekaa, hayaingii kwetu kwa sababu ya kufuli lenye jina lako.

Zahanati zimeambiwa zipime kwa mkono. Lakini unajua zahanati ikijaa, muuguzi yuko peke yake, mtoto analia, mtu anafuata kinachotajwa na kioo. Kila ninaposikia pikipiki inasimama nje nafikiri wameleta habari mbaya.

Nimebadilisha nywila zote. Makufuli yakarudi. Juzi nikachomoa waya wa intaneti kabisa, nikakaa mbele ya seva nikafuta. Yakarudi. Kwa hiyo hakuna anayeingia kutoka nje, si wewe wala mtu mwingine. Nilimkimbilia Mzee Hatibu nikidhani nimekuokoa. Akasema, basi ameacha mtego ndani.

Mimi najua hukuacha. Nisaidie nionyeshe.

Evelyne

*

Dongobesh
21 Mei 2024

Evelyne,

Nimesoma mwenyewe. Consolata hakuwa na haja ya kupaza sauti.

Kuhusu mtoto wa Bonga sikulala vizuri. Sina la kusema juu ya hilo zaidi ya kwamba Jenipher apewe heshima yake.

Hayo maneno ya Mzee Hatibu yalishafika huku kabla ya barua yako. Mosi dereva ana shemeji yake hapa Dongobesh. Jumapili baada ya misa katekista Paskasi alimwuliza mama kama ni kweli kijana wake ameiba programu ya hospitali. Mama aligeuka akaondoka. Alitembea mpaka nyumbani mbele yangu hatua kadhaa, na tangu siku ile anaweka chakula mezani halafu anakwenda kukaa jikoni. Hajaniuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Sasa kazi. Acha kufuta makufuli. Ukifuta unaharibu nyayo. Fanya hivi.

Kwanza, angalia tarehe iliyoandikwa ndani ya kufuli lenyewe, siyo jina peke yake. Kama ni ya siku hizi, kuna kitu kinaliandika upya. Kama ni ya zamani, basi haliandikwi, linaletwa. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayefunga mlango na mtu anayebeba picha ya mlango uliofungwa.

Pili, chukua kufuli moja ulibadilishe jina badala ya kulifuta, uone kama jingine litazaliwa pembeni yake.

Tatu, na hili ndilo ninaloliamini zaidi, futa kitu kisichohusiana kabisa na makufuli. Kitu cha kijinga. Kwenye kabrasha la majaribio kuna faili nililoandika zamani lenye majina ya ng'ombe wa baba, nilikuwa nalitumia kujaribu orodha. Lifute hilo ukae uangalie. Mtu mwenye nia mbaya na zahanati hana sababu ya kurudisha ng'ombe wa baba yangu.

Uniandikie utakachokiona, hata kama hakinipendezi.

Theodory

*

OFISI YA MRADI WA DAWA SAHIHI KWA MTOTO
Maisaka, Babati
24 Mei 2024

Ndugu Evelyne,

YAH: MAELEZO YA SHAHIDI

Rejea mazungumzo yetu ya tarehe 10 na 17 mwezi huu. Hadi leo sijapokea maelezo yako ya maandishi kuhusu uharibifu uliofanywa kwenye seva ya mradi na aliyekuwa mtumishi wetu, Ndugu Theodory.

Natambua kwamba alikuwa mwalimu wako na sikulaumu kwa kumheshimu. Lakini tunaongoza kazi inayogusa uhai wa watoto, na mimi ndiye nitakayeulizwa. Nakuagiza uyalete mezani kwangu kabla ya mwisho wa mwezi. Usipofanya hivyo nitalazimika kuandika kwamba ulikataa.

Nakutakia utekelezaji mwema.

Hatibu
Msimamizi wa Mradi

*

Maisaka, Babati
29 Mei 2024

Mzee Hatibu, shikamoo.

Uliniagiza maelezo ya maandishi na haya ndiyo maelezo yangu. Naomba uyasome mpaka mwisho kabla hujaniita.

Mafaili ya kufuli yana jina la kompyuta ya Theodory, hilo ni kweli. Lakini tarehe iliyo ndani yake ni ya Februari, Theodory akiwa bado anakaa chumba cha pili kutoka kwako. Hayaandikwi upya. Ni yaleyale ya Februari yanayoletwa tena na tena.

Nilibadilisha jina la kufuli moja. Muda mfupi baadaye pembeni yake likatokea jingine lenye jina la zamani. Halafu nikafuta faili la majaribio lisilo na kazi yoyote, lenye majina ya ng'ombe. Nalo likarudi. Mzee, nilicheka peke yangu ofisini mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuna anayeyapenda makufuli. Kuna kitu ambacho hakikubali jambo lolote lifutwe.

Nikaanza kufuata nyaya moja moja. Nyuma ya seva, chini ya kile kitambaa cha kuzuia vumbi, kuna kisanduku cheusi ambacho siku zote nilidhani ni cha betri ya umeme. Si betri. Ni diski. Ni ile ambayo Theodory alikuwa anahifadhia akiba ya kazi. Mara ya mwisho alipohifadhi, alikuwa yeye mwenyewe katikati ya kuandika, hivyo akiba ikabeba kila kitu kilivyokuwa dakika ile, pamoja na makufuli yake. Kwenye seva yenyewe alipomaliza yalifunguka kama kawaida. Kwenye akiba yakabaki yamefungwa.

Nikatafuta nani aliiunganisha diski hiyo. Nimempigia simu fundi Msafiri wa hapa mjini. Amesema alikuja Machi, wiki moja baada ya Theodory kuondoka, akaweka amri kwenye seva: kila baada ya dakika chache, chochote kilichomo kwenye diski na hakimo kwenye seva kirudishwe. Nilipomwuliza nani alimwagiza, alisema ni wewe. Ulimwambia unaogopa kijana aliyeondoka na hasira asije akafuta vitu.

Sikulaumu kwa kuogopa. Ila amri hiyo ndiyo iliyoyaona makufuli kama vitu vilivyopotea, ikayarudisha tangu siku ya kwanza. Na kila nilipoyafuta ndipo nilipoyaita.

Leo asubuhi nimechomoa diski, nimeifuta amri, nimeyaondoa makufuli yote. Yamekaa bila kurudi. Mabadiliko ya Dodoma yote yameingia. Saa tano Jenipher amenipigia kutoka Bonga, amechukua toleo jipya, ameingiza uzito wa yule mtoto, na dozi iliyotajwa inalingana na mwongozo wake. Zahanati nyingine zinaendelea kuchukua.

Maelezo yangu kama shahidi ni haya, na nimeyasaini. Kama polisi bado wanahitajika, naomba wapewe haya.

Evelyne

*

Maisaka, Babati
1 Juni 2024

Kaka Theodory,

Ng'ombe wa baba yako wamekuokoa. Nakala ya maelezo niliyompa Mzee Hatibu nimeiweka humu ndani, utasoma yote, sitarudia.

Nikueleze yasiyomo. Aliniita baada ya sala ya adhuhuri. Karatasi yangu ilikuwa mezani imekunjwa. Alikuwa akivua miwani na kuivaa. Halafu akaniuliza kama nina uhakika na ile tarehe ya Februari, nikampeleka mbele ya seva nikamwonyesha diski ilipokuwa, na alama yake kwenye vumbi. Akaigusa ile alama kwa kidole. Akasema, "Nilimwambia Msafiri aweke na nikasahau kabisa. Nilikuwa natafuta mwizi, na mlinzi nimemweka mwenyewe."

Akasema atakuandikia barua ya kukutaka radhi na kukurudisha kazini. Hapo, kaka, sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimwambia barua haitoshi. Maneno yake hayakuandikwa, yalisemwa mbele ya watu, yakapanda gari, yakafika mpaka mlangoni mwa kanisa lenu. Kama anataka kuyarudisha, inabidi yarudi kwa njia ileile, kwa mdomo, mbele ya mama yako.

Alikasirika. Akaniuliza mimi ni nani wa kumpangia mzee pa kwenda. Nikamwambia mimi ni yule aliyetakiwa kusaini. Akaniambia nitoke.

Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba atakuja, huenda hata mimi mwezi ujao nisiwe hapa. Lakini jana nimemsikia akimwuliza Mosi barabara ya Bashnet, ya kuja huko kwenu, ikoje baada ya mvua, na kama gari dogo linaweza kupanda. Nikajifanya sijasikia.

Mimi nabaki Babati. Zahanati za mbali bado hazijachukua toleo jipya na sitatoka mbele ya seva mpaka ya mwisho iingie.

Evelyne

*

Dongobesh
9 Juni 2024

Evelyne,

Alikuja.

Tulikuwa tumetoka misa. Nikaliona gari la mradi limesimama nje kwetu, matope mpaka kwenye madirisha, Mosi anayabandua kwa fimbo bila kunitazama usoni. Mzee Hatibu alikuwa amesimama uani na kanzu yake nyeupe, viatu ameshika mkononi kwa sababu ya tope. Sijawahi kumwona bila viatu. Alimwamkia mama kwanza, ingawa nadhani wanalingana umri, mama akaitikia na kumwonyesha kiti.

Hakukaa. Aliomba majirani waitwe. Consolata akaenda, akarudi na katekista Paskasi na watu wengine wa nyumba za karibu, tukajaa sebuleni mpaka wengine wakasimama mlangoni. Nilitaka kutoka nje. Nilihisi aibu kana kwamba mimi ndiye niliyeletwa kuhukumiwa.

Hakusema mengi. Alisema, "Mama Consolata, nilimsema mwanao kwamba ameharibu kazi ya zahanati. Nilisema mbele ya watu na watu wakabeba. Haikuwa kweli. Aliyesababisha ni mimi, kwa woga wangu. Na lile aliloniambia siku ya wageni, kwamba kazi haijawa tayari, lilikuwa kweli nikalikataa kwa sababu ya kiburi."

Nikamtazama mama. Nilidhani atalia au atamgombeza, na sikujua lipi lingekuwa afadhali. Unajua Kiswahili cha mama, anakiteua neno moja moja. Akamwuliza, "Na yule mtoto wa Bonga, alimeza dawa?"

Mzee Hatibu akasema hapana, muuguzi alikataa kumpa.

"Mzima?"

"Mzima, mama. Juzi amepelekwa kupimwa uzito, ameongezeka."

Mama akasema, "Basi kaa. Utakula."

Akakaa. Alikula ugali na maharage na maziwa ya mgando, akaomba aongezewe. Katekista Paskasi naye alikula, kichwa ameinamisha. Baadaye alinifuata zizini akaniambia Jumapili ijayo kwenye matangazo atasema neno. Nikamwambia si lazima. Akasema kwake yeye ni lazima.

Kabla ya kuondoka Mzee Hatibu aliniuliza mbele ya gari kama nitarudi. Nilikuwa nimeshajiandaa kukataa, Evelyne, maneno nilikuwa nayo tayari tangu Februari. Nikajikuta namwambia nitarudi kwa sharti moja: hakuna toleo litakaloingia kwenye kishikwambi chochote kabla Jenipher na wenzake hawajalishika na kulijaribu. Akasema hata bila mimi kurudi hilo ameshalikubali. Halafu akasema na wewe ubaki kwenye meza ile, mimi nitafutiwe nyingine. Nilimwambia sawa. Sikutegemea kama ningefurahi kupokonywa meza.

Kuna jambo moja sijakwambia. Siku niliyofika huku nilimwambia mama niko likizo. Sikuweza kusema nimeacha kazi. Amenitazama nikipalilia, nikivuna, nikiziba paa la zizi, miezi yote hiyo, na likizo gani hiyo ya miezi minne, hajawahi kuuliza.

Jioni hii, gari lilipokwisha kupotea kule bondeni, alikuwa anakusanya sahani. Hakunigeukia. Akaniuliza, "Sasa likizo yako inaisha lini?"

Nikamjibu, "Jumatatu ijayo, mama."

Akasema basi nilete mashati yote mawili, pasi ya mkaa bado ina moto.

Theodory